Bamba dogo linaloamua uhai wa injini kuukuu

KATIKA soko la Chwele, kaunti ya Bungoma, gari hupimwa kwa mzigo linaoweza kubeba wala si kwa mwaka lilioundwa. Pikapu za Peugeot 504, Datsun na Toyota za miaka ya sabini na themanini zingali na kazi hapa, sambamba na Land Rover ambazo rangi yake ya kwanza haikumbukwi tena, zikiteremsha vitunguu, viazi na ndizi kutoka miteremko ya Mlima Elgon.

Magari hayo yana jambo moja linaloyaunganisha: injini zake hupata petroli kupitia kabureta, na nyingi ya kabureta hizo zimechoka.

Kabureta haichakai kama tairi, ambalo kila mpita njia huona kipara chake. Huchakaa kimyakimya. Ekseli inayobeba kipepeo, yaani kile kibati cha mviringo kinachofunguka dereva anapokanyaga mafuta, hutanua tundu lake mwaka baada ya mwaka hadi hewa ikapenya pembeni. Katika Land Rover za injini ya petroli ya cc 2,286, kabureta ya Zenith ina sifa mbaya ya kifuniko chake kupinda kwa joto, petroli ikaanza kupita njia isiyopimwa.

Dalili huwa ni zile zile: gari linakataa kutulia likisimama, linakohoa likipanda mlima, na linakunywa petroli kuliko faida ya mzigo wenyewe.

Kupata kabureta mpya ya aina ile ile ndiko kazi. Watengenezaji wengi waliiacha katika miaka ya tisini na kuhamia mfumo wa kupuliza petroli kwa kompyuta. Isitoshe, Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi umri wa miaka minane, hivyo hakuna shehena mpya ya magari ya kabureta inayotia nanga Mombasa ili siku moja yachinjwe na kuuzwa vipande katika maduka ya Barabara ya Kirinyaga, Nairobi. Kilichosalia ni kile kilichokuwapo nchini, na kila mwaka hupungua.

Ndipo fundi wa jua kali huchukua kabureta ya gari jingine na kuifungia injini isiyo yake. Matundu ya bolti hayalingani, koo la kabureta halikai juu ya tundu la injini, na kati ya viwili hivyo lazima kiwepo kitu cha kuvipatanisha. Kitu hicho ni bamba la kuunganishia, ambalo wengi huliita adapta.

Kulikata si kazi ngumu. Fundi mwenye jiliwa, tupa na drili hulimaliza kwa siku moja. Kwa sababu hiyo hudharauliwa, na madhara yake hayaonekani siku ya kwanza. Gari huwaka, mteja hulipa na kuondoka akishukuru. Miezi mitatu baadaye vali imeungua, au pistoni imetoboka, na hakuna anayekumbuka bamba.

Kwanza kabureta yenyewe

Kosa la awali hufanywa kabla ya msumeno kushikwa. Kabureta huundwa kwa ukubwa fulani wa injini. Ile ya Datsun 1200, ambayo injini yake ina cc 1,171, ikifungiwa Peugeot 504 ya cc 1,796 italiwezesha gari kuwaka na hata kutulia vyema, ila likipewa mzigo na mwinuko litakosa pumzi. Kinyume chake, kabureta kubwa mno hupunguza kasi ya hewa kooni. Petroli hainyonywi ipasavyo, na dereva akikanyaga ghafla injini huzama kabla ya kuitika.

Nyingi ya kabureta za zamani zina koo moja. Nyingine zina koo mbili, la kwanza likifunguka kwa mwendo wa kawaida na la pili likijiunga injini inapodai zaidi. Weber 32/36, ya kampuni iliyoanzishwa na Edoardo Weber mjini Bologna, Italia, mwaka wa 1923, ni ya namna hiyo. Tarakimu zake ni vipenyo vya koo hizo kwa milimita. Imefungiwa injini za kila aina duniani na sifa yake ni ya haki.

Lakini hebu msomaji apige hesabu. Koo la milimita 32 na la milimita 36 zikiwekwa sambamba na ukuta kati yake, upana wake unapita milimita 70. Iwapo injini ilikuwa na kabureta ya koo moja, tundu lililo kwenye menifoldi, ule mkono unaogawa hewa na petroli kwa silinda, huwa karibu nusu ya upana huo. Bamba la milimita 10 haliwezi kuwa faneli ya kuunganisha vipimo hivyo. Koo moja litafunguka juu ya chuma kitupu.

Fundi mwenye subira hutumia bamba nene la milimita 25 hivi na kulichonga kwa mteremko kutoka juu hadi chini, au hutanua tundu la menifoldi iwapo chuma chake kinaruhusu. Asiye na subira hutoboa matundu mawili, akaacha vingazi ndani. Petroli haifiki pale ikiwa mvuke mtupu; ina matone. Matone hayo hutua kwenye ngazi, hukusanyika, kisha hudondoka kwa pamoja. Injini hupokea njaa na shibe kwa zamu, na hakuna kurekebisha skrubu kutakakoponya hali hiyo.

Kwa gari la kubeba vitunguu, koo moja kwa koo moja ni uamuzi wa busara zaidi. Wenye Land Rover wamelijua hilo kitambo: Weber ya koo moja la milimita 34 huchukua nafasi ya Zenith ya milimita 36, na nchini Uingereza huuzwa ikiwa na bamba lake tayari.

Kuna pia suala la mwelekeo. Bakuli la kabureta, panapokaa boya na akiba ya petroli, linafaa kutazama mbele ya gari. Gari linapopanda kuelekea Kapsokwony au Cheptais, petroli hulalia nyuma, yaani upande wa jeti, vile vitundu vidogo vya shaba vinavyoipima. Bakuli likitazama nyuma, petroli huzikimbia jeti pale pale injini inapozihitaji mno. Bamba likishatobolewa mwelekeo hauwezi kubadilishwa, kwa hiyo jambo hili huamuliwa mapema.

Chuma kipi?

Alumini ya bapa yenye unene wa milimita 10 hadi 12 ndiyo inayopendwa, kwa kuwa hukatika kwa msumeno wa mkono na haishiki kutu. Chuma cha kawaida pia hufaa, ingawa ni kizito na huchosha tupa.

Alumini iliyoyeyushwa na kumiminwa kienyeji, kama ile ya sufuria, haifai kwa kazi hii. Ndani yake hubaki vipovu visivyoonekana, na hewa hupita humo. Vibao vya plastiki vya kukatia nyama, ambavyo huvutia kwa urahisi wa kuchongwa, hulainika kwa joto na kulegeza bolti.

Alumini ina ila moja. Hupitisha joto upesi kutoka kwenye injini hadi kwenye bakuli la petroli. Gari likiwa limepanda mlima kwa gia ya kwanza, kisha likasimama sokoni kwa dakika kumi, petroli huanza kuchemka ndani ya kabureta na injini hukataa kuwaka hadi ipoe. Watengenezaji wa awali waliweka kipande kinene cha bakelaiti kuzuia joto hilo. Kipande hicho hakipaswi kutupwa na kabureta ya zamani. Hurudishwa juu au chini ya bamba jipya iwapo nafasi chini ya boneti inatosha.

Nafasi hiyo nayo hupimwa kabla. Wapo walioongeza bamba, bakelaiti na chujio la hewa, kisha wakagundua boneti haifungi. Suluhisho likawa kuliondoa chujio. Katika barabara ya vumbi jekundu la Bungoma, injini isiyo na chujio hula vumbi hilo na kujisaga yenyewe.

Kupima bila mashine

Kipimo bora ni gasketi. Gasketi ya chini hutoka kwenye menifoldi na ya juu kwenye kabureta mpya. Zikiwekwa juu ya bamba moja baada ya nyingine, matundu yote huchorwa yalivyo.

Zikikosekana, karatasi ngumu hulazwa juu ya uso wa menifoldi na kingo zake kugongwa polepole kwa nyundo ndogo ya kichwa cha mviringo. Kingo za chuma zenyewe hukata karatasi au huacha alama safi. Fundi mwenye mikono ya grisi hupata matokeo yayo hayo kwa kusugua kidole juu ya karatasi.

Mara nyingi hugunduliwa hapo kwamba bolti za zamani na za mpya zinagombea mahali pamoja. Njia iliyozoeleka ni kulifunga bamba kwenye menifoldi kwa bolti ambazo vichwa vyake vimezama ndani ya bamba, kisha kukata hesi ndani ya bamba lenyewe kwa ajili ya stadi za kabureta mpya. Vichwa hivyo ni lazima vizame kabisa. Kimoja kikiinuka hata kidogo tu, kabureta haitakaa sawa.

Tena ni lazima vifungwe kwa gundi ya kushika hesi au vigongwe pembeni visilegee. Bolti iliyo chini ya kabureta ikifunguka, haina pa kwenda ila ndani ya silinda.

Matundu hutobolewa kwa kuanzia na madogo kisha kupanuliwa, mafuta ya taa yakidondoshwa ili alumini isigande kwenye ncha ya drili. Tundu kubwa la katikati hukerezwa kwa mashine pale inapopatikana. Pasipo na mashine, fundi hutoboa vitundu vingi vilivyoshikana kwa mduara, akang'oa kipande cha kati na kulainisha ukingo kwa tupa ya nusu mviringo. Tupa ikipakwa chaki kwanza, vumbi la alumini haliingii katika meno yake.

Usawa wa nyuso mbili za bamba ndiyo hatua inayorukwa zaidi, nayo ndiyo muhimu kupita zote. Msasa hulazwa juu ya kioo cha dirisha, kwa kuwa kioo ni bapa kuliko meza yoyote ya karakana, na bamba husuguliwa juu yake kwa mwendo wa kuzunguka hadi uso mzima uwe na rangi moja. Doa linalobaki likimeta ni bonde ambalo msasa haujalifikia. Uso wa chini wa kabureta kuukuu nao huhitaji kuangaliwa vivyo hivyo, maana masikio yake hupinda kwa kukazwa kupita kiasi.

Kipepeo kisigonge

Hatari kubwa kuliko zote haihusu petroli wala fedha. Kipepeo kinapofunguka kikamilifu, nusu yake ya chini huteremka chini ya kitako cha kabureta na kuingia ndani ya bamba. Tundu la bamba likiwa dogo, au likiwa limesogea kando kwa milimita mbili, kipepeo kinaweza kukwama pale kikiwa wazi.

Dereva huondoa mguu lakini injini haipungui. Kwenye tambarare ya Kanduyi huenda akalizima gari akaokoka. Akiteremka kutoka mlimani na tani moja ya viazi mgongoni, breki za Peugeot ya mwaka wa 1982 haziwezi kushindana na injini iliyofunguliwa hadi mwisho.

Kwa hivyo kabla ya gasketi kuwekwa, kabureta hufungwa juu ya bamba mezani na kipepeo kufunguliwa na kufungwa mara nyingi kwa kidole, polepole na kwa ghafla. Kikigusa chochote, tupa hurudi kazini. Baada ya kufungwa kwenye gari jaribio hurudiwa kwa pedali yenyewe, injini ikiwa imezimwa, kwa kuwa kebo au vyuma vya kuvutia vilivyobadilishwa navyo hukwama. Springi za kurudisha ziwe mbili, wala si moja. Ikikatika moja, nyingine ibaki.

Hewa ya wizi

Injini huchoma takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya petroli. Kabureta hupima petroli kulingana na hewa inayopita kooni mwake. Hewa inayojipenyeza chini yake, kupitia ufa wa bamba, haikupitia kooni na haikupimwa. Mchanganyiko huwa mkavu, huungua polepole na kwa joto kali, na vali za kutolea moshi ndizo zinazolipa.

Kwa injini za zamani, hasa zenye kichwa cha chuma, hali ni mbaya zaidi tangu Kenya ilipoachana na petroli yenye risasi mwishoni mwa 2005. Uamuzi huo ulikuwa wa afya na haukuwa na mbadala. Hata hivyo, risasi ilikuwa ikikinga makalio ya vali katika injini hizo, na kinga hiyo haipo tena. Injini iliyostahimili mchanganyiko mkavu mwaka wa 1990 huenda isistahimili leo.

Wahenga waliposema usipoziba ufa utajenga ukuta hawakuwa wakizungumzia menifoldi, ila fundi angewaelewa.

Wengi huziba ufa huo kwa gundi ya silikoni. Silikoni ya kawaida huvimba na kuoza ikiguswa na petroli, na vipande vyake huvutwa ndani. Nyuso zilizo bapa hazihitaji gundi. Zinahitaji gasketi ya karatasi maalumu, moja juu na moja chini, na nati zinazokazwa kidogo kidogo kwa zamu, pembe hii kisha ile ya mkabala.

Mabomba madogo nayo yasisahaulike. Bomba linalosaidia breki, lile la distributa na lile la kupumulia injini ni lazima yapate mahali pake, na kila tundu lisilotumika lizibwe kwa chuma. Kipande cha kijiti, ambacho si ajabu kukikuta, si kizibo.

Kutafuta uvujaji kwa kunyunyizia petroli juu ya injini inayonguruma ni desturi ya kale iliyounguza magari. Maji yenye sabuni hutosha. Yakidondoshwa kwenye maungio na sauti ya injini ikabadilika, ufa uko hapo hapo.

Mwinuko una neno lake

Kabureta haijui uzito wa hewa. Huitika kwa kasi na ujazo wake tu. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 17 kuliko ya Mombasa. Kabureta iliyopimwa kwa ajili ya pwani hutoa petroli nyingi mno inapofika huko, moshi ukawa mweusi na plagi zikavaa masizi.

Chwele iko chini ya Kitale na juu ya pwani, na magari yake hupanda na kushuka. Anayezipima jeti zake juu mlimani ili kuokoa petroli ajue kwamba gari hilo hilo likipelekwa Kisumu na mzigo litakuwa na njaa. Ni afadhali lipimwe chini na livumilie ulafi kidogo likiwa juu.

Plagi husema ukweli baada ya kilomita chache za mwendo wa kazi. Nyeusi yenye masizi ni petroli kuzidi. Nyeupe kama majivu ni ukavu, na gari lisiendeshwe zaidi. Rangi ya udongo wa kahawia iliyofifia ndiyo inayotafutwa.

Jambo la kushangaza ni kwamba ujuzi huu haufi na mafundi wazee kama ilivyodhaniwa. Vijana wanaotengeneza pikipiki za bodaboda, ambazo nyingi zingali na kabureta, wanajua jeti, boya na kipepeo kuliko wenzao waliosomea injini za kompyuta. Wanachokosa mara nyingi ni uzoefu wa bamba, kwa kuwa pikipiki hailihitaji.

Bamba lililokwisha kufungwa huachwa lifanye kazi kwa wiki moja. Kisha boneti hufunguliwa asubuhi, injini ikiwa baridi, na nati zote nne hukazwa tena kwa kuwa gasketi mpya hujilaza. Springi hutazamwa, mpira wa petroli hukaguliwa ikiwa kuna unyevu kwenye maungio, na plagi moja hutolewa isomwe rangi kabla ya gari kupakia.